Ajali ikitokea ziwani, anayefika kwanza ni jirani: tuwafundishe nini watoto?

Mzazi wa Wampembe anajua kwamba msaada wa serikali unatoka mbali. Kijiji kiko mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Nyuma yake milima inapanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa, na huko juu ndiko ziliko Namanyere na Sumbawanga. Chombo kikipata ajali majini, wa kwanza kufika ni mvuvi, mama anayeanika dagaa, au mtoto anayecheza ufukweni.

Ndivyo ilivyokuwa Bukoba, Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Watu 24 walipona na 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Alisimulia kwamba alitumia kasia kuuvunja mlango wa nyuma, na abiria wakaanza kutoka. Kisha akazama hadi mbele, akawasiliana kwa ishara na rubani kupitia kioo. Alitaka kukivunja kioo hicho, akazuiwa. Akajaribu kuvuta kwa kamba. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia na kuzindukia hospitalini.

Majaliwa alipewa zawadi ya shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo. Heshima hiyo aliistahili. Lakini ujasiri alikuwa nao tangu mwanzo. Mafunzo na vifaa ndivyo vilivyotakiwa kuwahi.

Vita vilikwisha kufundisha

Ziwa Tanganyika liliziona ndege mapema. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta ndege za kutua majini na kuipiga Kigoma kwa mabomu. Januari 1917 ndege ya Waingereza ilishindwa kuendelea na safari ikashuka katika delta ya Rufiji. Rubani Edwin Moon na mwenzake Richard Bridgeman walitangatanga siku kadhaa kwenye mikoko na maji. Bridgeman alifariki, Moon akatekwa. Walishuka wakiwa hai, ila hapakuwa na mkono wa karibu wa kuwatoa.

Katika Vita Kuu ya Pili, ndege nyingi za kivita zilianguka mashambani Uingereza, na mara nyingi waliozifikia kwanza walikuwa raia. Raia akajikuta anahitaji kujua pa kufungulia, pa kukata na namna ya kumfungua rubani mikanda. Ndani ya ndege aina ya Spitfire kuliwekwa mtaimbo mdogo kwenye mlango, kwa sababu kifuniko kikikwama rubani hana pa kutokea. Hadi leo ndege nyingi za kivita zina mshale ubavuni unaomwonyesha mwokoaji pa kufungulia. Baadhi ya ndege za abiria nazo zina alama nyekundu au za manjano mwilini, zinazoonyesha sehemu inayofaa kukatwa.

Ya kujua nyumbani

Masomo haya yanafaa kwa ndege, boti na hata gari lililopinduka:

- Mtoto haingii majini wala kwenye moto. Kazi yake ni kukimbia kuita watu wazima na kukumbuka alipoiona ajali.
- Piga simu 114 ya Zimamoto au 112 ya Polisi. Taja mahali kwanza, kisha idadi ya watu.
- Mafuta yanaweza kumwagika, hata juu ya maji. Sigara, kibatari na jiko vikae mbali. Sogea ukitokea upande upepo unakotoka, ili moshi usikufuate.
- Kaa mbali na panga za injini, hata kama zimesimama.
- Kwenye maji, rusha kwanza kamba, kasia au dumu tupu lililofungwa vizuri. Anayezama humng'ang'ania anayemfuata, wakazama wote.
- Aliyening'inia kwenye mkanda ashikiliwe kabla mkanda haujafunguliwa au kukatwa, asije akaanguka kwa shingo.
- Kama hakuna moto wala maji yanayopanda, usimvute majeruhi ovyo. Mtulize, zuia damu kwa kitambaa safi, subiri wataalamu.
- Ndege ya kijeshi ina hatari zaidi. Usiguse silaha wala vishikio vyenye milia ya manjano na nyeusi. Vinaweza kukirusha kiti cha rubani.
- Awepo mtu mmoja wa kutoa maelekezo. Kila mtu akiamrisha lake, muda unapotea.

Wazazi waanzie wapi

Kamati ya shule, uongozi wa kijiji na kikundi cha wavuvi wanaweza kuandika barua moja kuwaomba Zimamoto waje wafundishe siku moja, mwaloni, kwa mitumbwi ileile inayotumika kila siku. Wakati wa kusubiri, kila mtumbwi ubebe kamba imara, kisu kikali na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo. Nyumbani, muulize mwanao leo usiku: ukiona chombo kinazama, utafanya nini kwanza? Kama jibu ni "nitaogelea nikawatoe", msifu kwa moyo wake, kisha umfundishe kukimbia na kupiga kelele.