Mchagua Chuma Naye Ni Mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Pamoja na heshima zangu zote kwao, leo naomba idhini ya msomaji niwapinge kidogo. Msimu mzima wa kazi uliniharibikia kwa kutojua kuchagua chombo kienezacho kiganjani: kisu cha kukunja.

Mama yangu ana kishamba cha kahawa viungani mwa Ruiru. Mibuni yake ni ya aina ya SL 28, ile iliyoteuliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930. Kahawa yake ina ladha isiyo kifani, ila haiwezi kustahimili ugonjwa wa chulebuni unaoozesha matunda yangali mabichi, wala kutu ya majani. Watafiti wa kahawa walio papo hapo Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, kisha Batian mwaka wa 2010, ili kukabiliana na maradhi hayo. Mkulima asiyetaka kung'oa mibuni mizee huikata ikabaki visiki, akayaacha machipukizi yakue hadi unene wa penseli, kisha akapandikiza juu yake vikonyo, yaani vijitawi vichanga vya aina mpya.

Kazi hiyo hufanywa kwa kisu cha mfukoni. Kikonyo huchongwa mithili ya kabari kwa mkato mmoja laini, kikachomekwa katika mpasuko wa chipukizi, kisha vikafungwa kwa utepe wa plastiki. Tabaka jembamba lililo hai chini ya gamba la kikonyo sharti ligusane na tabaka la chipukizi. Kisu kikiwa butu, tabaka hilo husagika likafa, na kikonyo hukauka.

Basi nilikwenda Thika, nikanunua kisu king'aacho kama kioo. Ubapani kilikuwa kimechorwa maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba hakishiki kutu, na bei yake ilikuwa nafuu mno. Katika machipukizi arobaini niliyoyapandikiza, hata kumi hayakushika. Sikatai kwamba mkono wangu ulikuwa mchanga katika kazi hiyo. Lakini nilipofika chipukizi la kumi, kisu kilikuwa hakikati tena; kilikuwa kikitafuna. Mama hakunilaumu. Alivitazama tu visiki vyake, ambavyo mwaka uliotangulia vilikuwa mibuni yenye mavuno, akaingia ndani.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyebobea katika upandikizaji, alikitwaa kisu changu, akayapapasa makali yake kwa kidole gumba, akatabasamu.

"Mwalimu," akasema, "ulichonunua ni kijiko. Kijiko nacho hakishiki kutu."

Nilidhani ni mzaha, kumbe lilikuwa somo la kemia ambalo sisi walimu hulifundisha ubaoni na kulisahau sokoni. Chuma cha pua ni chuma kilichotiwa kaboni, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapopikwa kwa moto na kuzimwa ghafla. Bapa la kisu kizuri huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 1 hivi. Kromiamu nayo ndiyo kinga ya kutu: ikifika takriban asilimia 10.5, hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana. Sifa hiyo ndiyo iliyomletea jina Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1913. Kijiko cha kawaida kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, lakini kaboni yake ni haba mno. Kitang'aa miaka nenda miaka rudi, ila hakigeuzwi kuwa kigumu hata kikizimwa mara mia. Kumbe yale maneno ya ubapani yalizungumzia kutu tu. Kuhusu makali hayakuahidi lolote.

Kisu cha mzee kilikuwa cheusi, kimepakwa mafuta, wala hakikuvutia jicho. Kilikuwa chuma cha kaboni tupu. Alikipitisha kwenye kinoo mara chache, akachonga kikonyo kwa mkato mmoja uliong'aa kama uliolainishwa kwa msasa.

Nikajiona nimeelimika. Nikatafuta kisu cha kaboni, nikajigamba nacho. Siku moja nikiwa Thika, mji uliozungukwa na mashamba ya mananasi, nilinunua nanasi nikalikata kwa kisu hicho hicho. Asidi ya tunda ilikigeuza rangi kikawa na mabaka meusi ya samawati, na nanasi lenyewe likaonja chuma. Mama muuzaji alinihurumia.

"Baba, hicho si cha nanasi," akaniambia, akininyooshea chake cheupe, kilichokonda kwa kunolewa mara kwa mara.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hakuna chuma bora pasipo kuulizwa kwanza: bora kwa kazi gani? Kampuni ya Opinel ya Ufaransa hutengeneza kisu cha kukunja kwa vyuma viwili, cha kaboni na kisichoshika kutu, ikamwachia mnunuzi uamuzi. Mpandikizaji atachagua cha kwanza, akubali taabu ya kukifuta na kukipaka mafuta. Mchuuzi wa matunda atachagua cha pili, akubali kunoa mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, jina la chuma pekee halitoshi. Mhunzi wa jua kali hufua visu kwa springi za lori, ambazo kaboni yake ni kama asilimia 0.6. Hukichoma chuma hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho sumaku haikivuti tena, akakizima katika mafuta. Akiishia hapo, bapa litavunjika kama kigae. Sharti alipashe moto tena, nyuzi 200 hivi, lipate rangi ya nyasi kavu. Chuma chema kilichopikwa vibaya hushindwa na cha wastani kilichopikwa vyema.

Simshauri mwanafunzi yeyote aingie darasani na kisu mfukoni. Namshauri mwalimu wa sayansi alete vitu vitatu: kijiko, kisu na sumaku. Aghalabu sumaku itakivuta kisu, ikipuuze kijiko. Kisha apitishe tupa taratibu makalini: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila kama inavyokula msumari, kisu hicho ni cha mapambo. Somo la dakika kumi kama hilo lingeniokolea mwaka.

Msimu uliofuata nilirudi kwenye visiki vya mama na kisu cheusi, mzee akinisimamia, na vikonyo vingi vilishika. Wahenga hawakukosea, walimsema mvivu anayekagua majembe ili siku ipite. Lakini aijuaye kazi yake hana budi kuchagua.