Reale ya 1780: Tarehe isiyotaja umri

Miongoni mwa mapambo ya kale ya fedha ya jamii za Pembe ya Afrika, kuanzia Uhabeshi na Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Kenya, hupatikana sarafu kubwa yenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi. Waswahili waliiita reale. Upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780.

Aionaye tarehe hiyo hudhani ameshika kitu cha zaidi ya karne mbili. Huenda sivyo.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa pande hizi walikwisha kuizoea sura yake, wakaikataa sarafu iliyotofautiana nayo. Hivyo basi, iliendelea kutengenezwa bila kubadilishwa mwaka. Italia iliitengeneza mjini Roma kuanzia 1935, ilipoivamia Uhabeshi. Uingereza ikafuata mjini London mwaka 1936. Austria huitengeneza hadi leo.

Kwa mfugaji, sarafu hii ilikuwa akiba isiyokufa kwa kiangazi kama ng'ombe, na sonara aliweza kuiyeyusha ikawa bangili au mkufu. Fedha rasmi ya wakoloni nchini Kenya ilikuwa rupia hadi 1920, na baadaye shilingi, lakini watu waliiamini zaidi fedha waliyoweza kuipima kwa mizani.

Anayekusanya sarafu hizi naye aanze na mizani. Reale halisi ina uzito wa gramu 28 na ushei, upana wa karibu milimita 40, na ndani yake mna takriban gramu 23.4 za fedha safi. Sumaku haiinasi. Vipimo hivyo huthibitisha madini, si umri. Umri hutambuliwa na wataalamu kwa alama ndogo, kama vile manyoya ya mkia wa tai na lulu za kipini cha vazi.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 hukihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Kwa hiyo, kabla ya kuiuza au kuiyeyusha reale ya bibi, ulizeni ilitoka wapi na iliingia lini katika ukoo, kisha mwandike. Tarehe iliyochongwa haiwezi kuwajibu, wazee wanaweza.