Saa za Pangaboi, Je, Zahesabiwa?

Kijana aliyemaliza masomo ya urubani hurudi nyumbani na cheti chake, na jamaa zake wote hufurahi. Baba ameuza kiwanja, wajomba wamechanga. Sasa wangojea kumwona akiongoza ndege kubwa. Lakini kwa kanuni za mataifa cheti hicho cha kwanza cha kazi hupatikana kwa saa 200 za kuruka, na katika shule nyingine hata 150. Mashirika mengi ya ndege za jeti yakiona hesabu hiyo humjibu: Nenda kwanza ukatafute saa. Naye mara nyingi huzipata katika ndege za mapangaboi, ndogo kwa za wastani. Wazazi basi wana haki kuuliza: Je, saa hizo zitamfungulia mlango, au atabaki humo humo hadi uzee?

Kwanza tufahamu ndege hizi ni za namna gani. Wengi wakiona mapanga yakizunguka mbele ya injini hudhani ni mashine ya kizamani. Sivyo. Ndani ya injini ya Cessna Caravan, ya Let 410 au ya ATR mna turbini, yaani gurudumu lizungushwalo kwa nguvu ya hewa ya moto, kama ilivyo katika jeti. Tofauti ni kwamba hapa nguvu ya turbini huzungusha pangaboi. Ndiyo sababu huko Marekani mashirika makubwa yalizoea kuhesabu “saa za turbini” bila kuzitupa za pangaboi, na kwa muda mrefu kipimo cha wengi kilikuwa saa 1,000 za ukapteni.

Hata hivyo saa zote hazina thamani moja. Wanaoajiri hutazama uzito wa ndege: Caravan ni kama tani 4, ATR 72 kama tani 23. Hutazama pia idadi ya marubani. Caravan yaweza kuongozwa na mtu mmoja. ATR yataka wawili wanaogawana kazi na kusahihishana, kama katika jeti. Tena huuliza: Ulikuwa kapteni mwenye kuamua, au msaidizi wake? Kwa hiyo aliyeruka peke yake saa nyingi katika Caravan aweza kupitwa na mwenye saa chache katika ATR.

Mbona basi mashirika mengine husita hata mbele ya kapteni wa ATR? Ndege yake huenda kama kilomita 500 kwa saa. Jeti hupita 800, tena juu zaidi. Rubani wa pangaboi akipunguza nguvu, mapanga yenyewe huikamata hewa na ndege hupungua mwendo upesi. Jeti huteleza mbele kama mtumbwi uliopata maji ya kasi. Rubani sharti aanze mapema kufikiri namna ya kushuka. Ujuzi huo hufundishika, na mashirika huupima katika mashine ya kuigiza safari. Aliyezoea viwanja vifupi, mvua na kutua mara nyingi kwa siku haendi huko mikono mitupu.

Wala tusidhani kwamba wingi wa saa watosha. Tarehe 12 Februari 2009, karibu na mji wa Buffalo, Marekani, ndege ya mapangaboi aina ya Q400 ilianguka, wakafa watu 50. Ndege ilipotoa onyo kwamba mwendo umepungua mno, kapteni aliivuta pua juu badala ya kuishusha. Baada ya msiba huo sheria ilibadilishwa, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria huko hutakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500. Lakini marubani wale wawili, kila mmoja alikuwa amekwisha kupita saa 2,000! Saa hufungua mlango. Atakayeingia ni mtu pamoja na mazoea yake, mema au mabaya.

Tunasema nini basi kwa kijana wetu? Asiidharau pangaboi, wala asijisahau ndani yake. Atafute mapema nafasi katika ndege ya marubani wawili. Shirika lenye ndege za namna zote mbili lina ngazi ndani ya nyumba moja: Air Tanzania ilipofufuka mwaka 2016 ilianza na Q400 mbili, na mwaka 2018 ikapokea jeti za Boeing na Airbus. Kitabu chake cha saa akiandike kwa kweli, maana saa ya uongo hufichuliwa mbele ya mpimaji, au, vibaya zaidi, mbele ya abiria.

Nanyi wazazi, kabla ya kuuza kiwanja msiulize tu bei ya shule. Ulizeni pia: Akishapata cheti, saa 1,000 za kwanza atazipata wapi, na nani atamlisha wakati huo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni vizuri ajue mapema atainama kwa muda gani.