Nyaya Kubwa Zikipita Shambani

Kutoka Kihansi hadi Kidatu nyaya za umeme wa volti 220,000 hupita katika bonde letu la Kilombero. Wapo wanaotuuliza: umeme hupitaje juu ya kijiji na kijiji kikabaki na koroboi? Nyumba yahitaji volti 230 tu. Umeme mkubwa sharti upunguzwe kwanza kwenye kituo cha kupoozea, na kituo ni ghali.

Hasara ya mkulima, hata hivyo, haingoji kituo. Waya hushuka kwa joto, tena umeme mkubwa huweza kurukia tawi bila kuguswa. Kwa hiyo chini yake hapajengwi, na miti mirefu hukatwa. Mpunga utapandwa tena mwakani, lakini mwembe wa babu je?

Basi kupinga si ukorofi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema ardhi ya kijiji haihamishwi mpaka fidia ikubaliwe: kiasi gani, italipwaje, lini. Eneo lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Na mkutano wenyewe ndio huo tusiohudhuria!

Kule Kenya, mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari 2017. Ilikaa bure mpaka Septemba 2018 ikingoja nyaya za kwenda Suswa. Ugomvi wa fidia ulikuwa sababu mojawapo.

Wapimaji wakifika, hesabuni miti pamoja, nawe andika kwenye daftari lako. Dole gumba tumekwisha liacha: soma fomu yote. Ukipungua mwembe mmoja, sema hapo hapo, kabla ya kutia sahihi.