Pilingi ya uso: kabla ya asidi, taja mafuta unayojipaka

Katika miji kama Goma na Bukavu, watu wengi wanaofikiria pilingi ya uso wanataka kuondoa chunusi, madoadoa au weusi uliobaki baada ya kipele kupona. Pilingi inaweza kusaidia. Lakini kwa mtu ambaye tayari anatumia mafuta ya kujichubua, asidi ileile inaweza kumuunguza.

Pilingi ni kupaka asidi usoni ili ngozi ya juu ibanduke na mpya ichukue nafasi yake. Inayotumika sana ni asidi ya glikoli, ambayo hupatikana pia ndani ya muwa. Asidi ya salisili huingia vizuri katika vitundu vya ngozi vyenye mafuta, ndiyo sababu inafaa kwa chunusi. Kwa kipimo kidogo, hizi mbili zinagusa sehemu ya juu tu. Fenoli inaingia chini sana na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo: hiyo ni kazi ya waganga hospitalini, si ya saluni.

Ngozi nyeusi ina tabia yake. Ikijeruhiwa, hutengeneza weusi zaidi mahali pa jeraha. Hivi, pilingi kali iliyokusudiwa kufuta doa dogo inaweza kuacha doa kubwa litakalodumu miezi mingi. Kwa ngozi yetu, pilingi nyepesi inayorudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne ni salama kuliko kali ya mara moja.

Hatari inaongezeka kwa wanaojichubua. Mafuta mengi ya aina hiyo yana klobetazoli au betametazoni, dawa ambazo zikipakwa kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba. Asidi ikikuta ngozi hiyo, inapenya haraka na kwenda chini kuliko fundi alivyotarajia. Kwa hiyo mteja aseme wazi anachojipaka, hata kama anaona haya. Asiache mafuta hayo ghafula bila kumuona mganga, maana uso unaweza kuvimba na kuwaka moto.

Mama mwenye mimba, mtu mwenye kidonda au malengelenge mdomoni, na anayedhurika na aspirini, waseme pia kabla ya kuanza. Asidi ya salisili haiwafai mama mjamzito wala yule anayedhurika na aspirini.

Fundi anayejua kazi anajaribu kwanza nyuma ya sikio na kungoja siku mbili. Siku yenyewe, anasafisha uso, anapaka vazelini kando ya macho, mdomo na pua, kisha anapaka asidi safu nyembamba huku akitazama saa. Asidi ya glikoli hukaa dakika chache tu, halafu inazimwa kwa maji yenye bikabonati. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Kwa kuwa wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, fundi aulize mteja anavyosikia. Maumivu makali, au ngozi kugeuka kijivu au nyeupe kwa asidi ya glikoli, ni alama ya kuizima mara moja.

Baada ya hapo, ngozi inaweza kubanduka kwa siku tatu hadi saba. Isivutwe wala kusuguliwa. Jua ni adui mkubwa, hasa katika miji ya Kivu iliyo juu milimani na karibu na ikweta: mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kofia ama mwavuli, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Malengelenge, usaha au maumivu yanayoongezeka yapelekwe kwenye kituo cha afya.

Kununua asidi kali na kujifanyia nyumbani si njia ya kupunguza gharama. Mwezi wa 7 mwaka 2024, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilionya watu wasitumie bidhaa hizo bila uangalizi wa mtaalamu, kwa sababu ya hatari ya kuungua.

Kabla ya kulaza kichwa kwenye kiti cha saluni, uliza maswali matatu: Hii ni asidi gani? Ina asilimia ngapi? Ikiniunguza, utafanya nini? Fundi asipoweza kujibu, usimpe uso wako.