Akili mnemba na mota ya kumenya kahawa

Vijana wa Mbinga mnaniuliza: akili mnemba itazuia mota isiungue? Inasaidia, ila jua inasaidia wapi.

Gridi ya Taifa ilifika Songea 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Lakini waya ukiwa mrefu, wewe wa mwisho unapata volti pungufu. Mota ya fezi tatu inataka volti 400. Zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuanza kuzunguka inabaki asilimia 81 tu. Ikiwa na mzigo inavuta ampea zaidi, inachemka.

Mtandao wa nyuroni ni programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya mawimbi ya umeme. Inatambua haraka sana: hapa volti zimeshuka, hapa wimbi limechafuka. Halafu inakiongoza kifaa cha kusahihisha. Bila kifaa hicho, ugonjwa inaujua, dawa haina.

Kwa mota moja, mimi nisingeinunua. Mwambie fundi afunge kinga inayokata volti zikishuka au fezi ikikosekana. Kahawa mbivu ikilala bila kumenywa, inachacha.

Wa Mbamba Bay wenye majokofu ya samaki, chagueni kinga inayosubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwasha kompresa.