Nani anamhakiki mhakiki? Mizar ndani ya Isabelle

Ukiandika uthibitisho wa hisabati kwa lugha ya Mizar kisha ukakosea, programu inakurudishia faili lako likiwa na nyota na namba chini ya mstari wenye kasoro. Mimi nilipoanza ilikuwa *4 karibu kila mahali, yaani hatua hii haikubaliki. Unarekebisha, unajaribu tena, na siku moja nyota zote zinatoweka. Kimya. Raha yake usiulize! Ila jioni ileile swali likaniingia: kimya hicho nakiamini kwa sababu gani?

Mizar ni kongwe. Andrzej Trybulec aliianzisha Poland mwaka 1973, na tangu 1989 watu wanaijengea maktaba ambayo leo ina zaidi ya makala 1,000 za hisabati, zote zimehakikiwa na kompyuta. Anayehakiki ni programu kubwa iliyoandikwa kwa Pascal. Inasoma lugha, inajaza yale ambayo mwandishi hakuyasema, inaamua. Ikikubali, haikuachii risiti ya hatua zake. Kukiwa na kasoro mahali fulani ndani yake, uthibitisho mbovu unaweza kupita na asijue mtu.

Isabelle, iliyoanzishwa na Lawrence Paulson kule Cambridge miaka ya 1980, imejengwa kwa wazo la Robin Milner. Fikiria ofisi ya kijiji yenye muhuri mmoja tu, na anayeushika ni katibu. Wasaidizi wanaweza kuandaa barua watakavyo, hata kwa ujanja, lakini hakuna anayeweza kujigongea muhuri. Wakikosea, barua inakwama, basi. Katibu huyo ni kiini kidogo cha programu, na ndicho hasa unachohitaji kukiamini. Halafu Isabelle haikulazimishi mantiki moja. Msingi wake ni mwembamba (“ikiwa… basi”, “kwa kila”, “ni sawa na”), na juu yake unaweza kupandisha mantiki unayotaka.

Cezary Kaliszyk na Karol Pąk wakaona hapo pa kupita: kuipandisha mantiki ya Mizar yenyewe, pamoja na nadharia ya seti inayoitumia na lugha inayofanana na ile ya asili. Hawatafsiri Mizar iende kwenye mantiki ya wengine. Wanaiiga, ili kila hatua ipite kwa katibu. Kazi hiyo inaitwa Isabelle/Mizar. Kwa upande wa sura ya maandishi haikuwa safari ndefu, kwa sababu Isar, lugha ya uthibitisho ya Isabelle, ilichukua mengi kwa Mizar tangu mwanzo.

Ugumu uko kwenye aina. Katika mifumo mingi kitu kinazaliwa na aina moja na kinakaa nayo. Mizar inafanya kama sisi tunavyoongea. Mtu mmoja ni mwalimu, ni Mama Neema, ni mweka hazina wa kikundi, na hakuna anayeshangaa. Vivyo hivyo 2 ni namba asilia, ni shufwa, ni tasa, na unaweza kusema “namba tasa shufwa” kama aina kamili. Sharti ni moja: kabla ya kuitumia aina hiyo, thibitisha kwamba ipo angalau moja. Kwa “namba tasa shufwa” unaonyesha 2, umemaliza. Ukileta “namba tasa inayogawanyika kwa 4” unakataliwa, kwa kuwa hakuna.

Ndani ya Isabelle/Mizar, aina inageuzwa kuwa sifa ambayo kitu kinayo au hakina, na “ni” linakuwa alama ya kimantiki kama nyingine. Hapo ndipo unapogundua Mizar ilikuwa inafanya kazi kiasi gani kimyakimya! Kwamba 2 ikiwa tasa basi si sifuri, Mizar inalijua bila kuambiwa. Katibu hajui. Kwa hiyo lazima utengeneze wasaidizi wa kutafuta hatua hizo ndogondogo na kumpelekea moja baada ya nyingine. Hilo linakula muda wa kompyuta, na kilichokwisha kuhamishwa ni sehemu tu ya maktaba.

Faida yake ni kwamba theoremu iliyopita huku haitegemei tena ile programu ya Pascal. Inategemea aksiomu zilizoandikwa wazi, ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzisoma, pamoja na kiini kidogo.

Na ikikwama je? Haimaanishi moja kwa moja kwamba Mizar ilikosea. Pengine msaidizi hakuiona njia, pengine kanuni fulani ya Mizar iliigwa vibaya. Kujua ni lipi kati ya hayo, hakuna programu ya kukusaidia: unarudi kwenye mstari wenyewe, na kalamu na karatasi.